Nyavu Zilizooshwa Bila Samaki

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nimesali kwa shida. Kuna jambo ambalo nimeliombea kwa miaka miwili, na Jumanne, nilipokataliwa kwa mara nyingine, niliifunga Biblia nisiifungue tena hadi jana. Aliyenirudisha ni mzee mmoja mvuvi wa Gouyave, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Grenada, huko Karibi, niliouzuru wakati wa sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Kila tarehe 29 Juni wenyeji huiadhimisha kama siku ya kuzaliwa ya wavuvi, na padre hubariki mashua na nyavu. (Nakiri kwamba mimi nilivutwa zaidi na samaki wa kuchoma wa Ijumaa jioni.)

Wavuvi wa huko hufuata jodari kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Asubuhi moja mashua ya mzee huyo ilirudi tupu. Nilidhani angekwenda kulala, kumbe aliketi mchangani, akaukunjua mshipi wote, akapapasa ndoana moja moja, zilizopinda akazibadilisha. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa: kwani kesho haendi?

Mara ngapi tumeisoma Luka sura ya 5 tukikimbilia nyavu zilizojaa, tukaupita mstari wa pili! Bwana aliwakuta wavuvi wakiosha nyavu zao, nao walikuwa wamekesha bila kupata kitu. Kama Simoni angezitupa kwa hasira, angeshusha nini alipoambiwa atweke mpaka kilindini?

Wapendwa, sisi huosha nyavu siku za neema tu. Tukijibiwa, tunasimama kutoa ushuhuda. Tukinyimwa, jumuiya haituoni wiki tatu, rozari inaning'inia msumarini, kitubio tunakiahirisha, kisha tunauliza Mungu yuko wapi. Nasema haya nikijikemea wa kwanza. Baraka ya padre si mkataba na bahari: mwaka 2024, siku mbili tu baada ya sikukuu ile, kimbunga Beryl kiliivunjavunja Carriacou, kisiwa cha nchi hiyo hiyo.

Kesho saa kumi na moja alfajiri nitasali Zaburi ya 130, ile ya kumlilia Bwana toka vilindini, nikiwa na ombi lile lile la miaka miwili. Anayeweza kuamka aungane nami.