Uzoefu wangu na TAPI: nilivyofanya namba ya mpigaji itokee kwenye skrini

Mwanzo kabisa sikuwa na mpango wa kujifunza TAPI, yani njia ambayo programu za Windows zinatumia kuongea na simu. Nilichotaka ni kitu kidogo tu, simu ya mezani ikiita basi kwenye kompyuta itokee rekodi ya mteja mwenye ile namba kabla mtu hajanyanyua mkono wa simu. Nikajipa wikendi moja. Ikala wiki tatu na ushee.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida: modemu ya nje, ya zamani, inatumia siriali kwa hiyo nikaiwekea adapta ya USB, laini ya analogi inatoka ukutani inaingia kwenye modemu halafu inaendelea mpaka kwenye simu. Windows ya biti 64, na lugha ninayoiweza ni C#.

Njia ya kwanza nilipita mlango wa nyuma, yani niliongea na modemu moja kwa moja. Unafungua COM3, yani mlango wa siriali wa modemu, unaandika AT, inajibu OK. Unaandika ATDT na namba, unasikia inapiga. Hizi amri zilianza na modemu ya Hayes ya 1981 na mpaka leo ukichukua modemu ya GSM ukaiandikia AT itakujibu OK vilevile, kwa kweli sijaona kitu cha kompyuta kilichozeeka vizuri namna hii. Nikaandika AT+VCID=1, yani nionyeshe namba ya mpigaji, nikajipigia kwa simu ya mkononi, na kati ya mlio wa kwanza na wa pili yakashuka maandishi: DATE, TIME, NMBR na namba yangu ile pale. Nikasema kazi imeisha, saa nne tu za usiku.

Haikuisha bwana. Asubuhi programu ya faksi ikagoma kufunguka, kumbe mlango wa siriali ni wa mtu mmoja, aliyewahi ndo mwenye nao, mwingine anaambiwa access denied. Halafu nikajaribu modemu nyingine nikakuta yenyewe haiijui +VCID, inataka AT#CID=1. Nikaona hapa nitakuwa naandika programu upya kila modemu ikibadilishwa.

Ndo nikarudi kwenye TAPI ambayo nilikuwa naikwepa. Hii ni API ya simu ya Windows, Microsoft na Intel waliitoa 1993, Windows 95 ikaja nayo ndani, toleo la 2.0 likaja na NT 4.0, halafu Windows 2000 ikaleta 3.0 ambayo ni ya COM (mtindo wa Microsoft wa kuunganisha vipande vya programu, si ule mlango wa COM3). Mimi nilibaki na 2.x, ile ya fanksheni za C, sababu nilichohitaji kilikuwemo chote na pia Microsoft wenyewe wanasema TAPI 3 haina sapoti ukiitumia kutoka .NET, mfumo ambao C# inaendeshwa ndani yake.

Kitu ambacho ningependa mtu angenieleza siku ya kwanza ni kwamba kwenye TAPI huongei na simu. Unaongea na tapi32.dll, yenyewe inapeleka kwenye huduma inaitwa TapiSrv, TapiSrv inamkabidhi TSP, yani draiva ya simu yenye faili la .tsp, na TSP ndo anajua kifaa chake kinaongea lugha gani. Kwa modemu TSP anakuja na Windows, anaitwa Unimodem, na yeye amri za AT anazisoma kutoka kwenye faili la INF, lile la maelezo ya draiva ya modemu yako. Kwa hiyo programu nyingi zinaweza kufungua laini moja kwa pamoja, maana mlango wa siriali kaushika Unimodem peke yake. Programu ya faksi nayo ilikuwa inapitia hukohuko, ugomvi ukaisha.

Sasa matatizo. Nikaita lineInitializeEx, ikarudisha sifuri, safi. lineNegotiateAPIVersion, safi. lineOpen nikaomba niwe OWNER, yani mwenye simu, wa simu za INTERACTIVEVOICE, maana si ni simu za watu kuongea? Ikanirudishia LINEERR_INVALMEDIAMODE, yani aina ya simu uliyoomba haikubaliki. Nilizunguka na hii siku mbili. Modemu yangu kwa macho ya Unimodem ilikuwa ya data tu, na modemu ya data haiwezi kupokea sauti, inaweza kukupigia tu ukanyanyua mkono wa simu mwenyewe. Nikabadilisha nikaomba OWNER pamoja na MONITOR, yani mtazamaji tu, kwa DATAMODEM, ikafunguka. Mimi sikuwa nataka kupokea, nilitaka kuchungulia, kwa hiyo lineAnswer sikuiita hata mara moja na anayepokea ni binadamu.

Laini imefunguka, najipigia, simu inaita mezani, kwenye programu kimya. Hakuna kosa, hakuna chochote. Hapa nilipoteza siku nyingine na nilifika mahali nikaanza kulaumu kebo. Kumbe nilikuwa nimechagua njia ya USEHIDDENWINDOW, ambapo TAPI inatengeneza dirisha lililofichwa na taarifa zake zinapita kwenye foleni ya meseji za ile thredi (uzi wa kazi ndani ya programu) iliyoita lineInitializeEx, na mimi thredi yangu nilikuwa nimeilaza kwa Sleep nikisubiri simu. Meseji zimejaa mlangoni na mwenye nyumba kalala! Nilipohamishia ile kodi kwenye thredi ya dirisha kuu, yenye mzunguko wa meseji, LINE_APPNEWCALL ikaja na LINE_CALLSTATE ikaja, OFFERING, yani kuna simu inaingia, nikaruka kwenye kiti. Ukitaka kukwepa mambo ya dirisha tumia USEEVENT kisha uchukue taarifa kwa lineGetMessage, siku hizi ningeanza na hiyo.

Furaha ikadumu dakika kumi hivi, programu ikafa ghafla. Naiwasha, simu mbili tatu zinaingia vizuri, inakufa tena, na haina muda maalum wa kufa ndo ikanichosha zaidi. Wa C# labda mmeshaotea: delegeti, yani kielekezi cha ile fanksheni ambayo TAPI inaiita, nilikuwa naitengeneza palepale ndani ya mabano ya lineInitializeEx, hakuna kitu upande wa C# kilichokuwa kimeishika, kwa hiyo mzoa taka wa .NET (garbage collector, anayefuta kumbukumbu isiyotumika) akipita anaifagia na TAPI ikija kuipigia inakuta kiwanja kitupu. Nikaiweka kwenye static, ambayo haifagiliwi programu ikiwa hai, mstari mmoja, ikapona.

Bado namba. Nikipata OFFERING naita lineGetCallInfo, CallerID tupu. Hapa yalikuwa makosa mawili yamebebana, nikirekebisha moja jingine linanificha.

La kwanza ni muda. OFFERING inakuja mlio wa kwanza, wakati namba ya mpigaji kwenye laini ya analogi inatumwa baada ya mlio wa kwanza kabla ya wa pili, kama ile niliyoiona kwa macho yangu kwenye COM3 usiku ule. Kwa hiyo nilikuwa nauliza mapema. Unatakiwa utulie usubiri LINE_CALLINFO yenye alama ya CALLERID, hiyo ndo inakwambia namba imeshafika sasa njoo uchukue. Na kuichukua nako kuna adabu yake: LINECALLINFO haina ukubwa mmoja, unapeleka sahani, yani nafasi ya kumbukumbu, umeandika ukubwa wake kwenye dwTotalSize, TAPI ikiona ndogo inakuandikia dwNeededSize, unarudi na sahani kubwa, ndo unapakuliwa. Namba yenyewe haipo kwenye sehemu yenye jina lake, pale kuna dwCallerIDOffset na dwCallerIDSize, unahesabu baiti kutoka mwanzo wa sahani. Nilihesabu vibaya nikapata maandishi ya ajabu ajabu kabla ya kupata namba.

La pili lilikuwa draiva. Diski ya modemu ilishapotea zamani na mtengenezaji hakutoa draiva ya biti 64, kwa hiyo niliiinstoli kama modemu ya kawaida ile ya jumla iliyomo kwenye Windows. INF ya jumla haina amri ya kuwasha namba ya mpigaji, yani Unimodem hakuwahi kuiambia modemu +VCID, na modemu isipoambiwa haisemi. Dawa ni kwenye rejista, unaingia Control\Class, unatafuta ufunguo wa modemu unaoanzia {4D36E96D, chini yake folda ya modemu yako, kwangu ilikuwa 0000, unatengeneza ufunguo EnableCallerID na ndani yake thamani inayoitwa 1 yenye AT+VCID=1<cr>. Ile <cr> andika hivyohivyo na mabano yake. Zima modemu, washa. Nikajipigia. Namba ikatokea kwenye dirisha langu nikaiangalia kama mtu anayeangalia mtoto wake akitembea.

Wakati wa kutafuta hili kilichonisaidia sana ni TB20, kijiprogramu cha Microsoft kilichokuwa kwenye SDK, ule mkusanyiko wa zana za watengeneza programu, unabofya jina la fanksheni inaitwa na majibu yote unayaona chini. Ningekianza mapema nisingemaliza hata nusu ya zile wiki, maana ningejua tatizo ni programu yangu au ni laini.

Baada ya hapo nikataka na kitufe cha kupiga, nikadhani ni rahisi kwa kuwa lineMakeCall ni moja tu. Inarudisha namba chanya. Mimi nikaisoma kama imefanikiwa nikaandika "imeunganishwa". Wapi, ile ni namba ya risiti tu, ombi lako limepokelewa, jibu lenyewe linakuja baadaye kwenye LINE_REPLY yenye namba ileile, na hata hiyo REPLY inamaanisha upigaji umeanza tu. Mwendo wa simu unaufuata kwenye LINE_CALLSTATE, DIALING, PROCEEDING na kuendelea. Na kwa modemu usiiamini CONNECTED: Unimodem anapiga kwa ATDT yenye nukta mkato mwishoni, modemu ikishabonyeza tarakimu inarudisha OK, naye anasema CONNECTED, upande wa pili hata hawajaanza kusikia mlio. Kwenye programu yangu nikaandika "imepigwa" basi, huo ndo ukweli ninaoujua.

Kukata nako ni vilevile, lineDrop, unasubiri IDLE, halafu lineDeallocateCall. Hii ya mwisho nilikuwa naisahau na hendeli, yani vishikio, za simu zilizokufa zikawa zinarundikana.

Miezi kadhaa baadaye modemu ikaondolewa ikaja PBX ndogo, yani swichi ya simu za ofisini, yenye TSP yake. Kodi yangu sikuigusa zaidi ya kubadilisha laini ninayofungua na kuomba INTERACTIVEVOICE, ambayo safari hii ilikubaliwa. Ila TSP ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya biti 32, ikawa haionekani kabisa kwenye orodha ya laini, maana TSP anaishi ndani ya TapiSrv na TapiSrv kwenye Windows ya biti 64 ni ya biti 64. Programu yako inaweza kuwa ya 32 bila shida, TSP hawezi. Niliwaandikia mara tatu ndo wakanipa ya 64.

Hapo pia CONNECTED ikawa CONNECTED ya kweli, maana PBX inajua mtu akipokea.

Kilichobaki ni wanaoficha namba. Modemu kwa hao ilikuwa inatuma herufi P mahali pa namba, na O kama namba haikupatikana, TAPI inazigeuza kuwa alama za BLOCKED na OUTOFAREA kwenye dwCallerIDFlags, kwa hiyo angalia alama kwanza kabla hujaenda kutafuta mteja kwenye hifadhidata. Mimi sikuangalia, programu ikatafuta mteja mwenye namba tupu na ikampata, mmoja ambaye namba yake haikujazwa, kwa siku nzima kila aliyeficha namba akawa anatokea kwa jina la yule mama. Sasa hivi dirisha linaandika "hajulikani", na mtu ananyanyua simu anauliza nani mwenzangu.