Space Invaders bado inanitoa jasho

Jamani, mchezo wa video wa 1978 huu! Jana nimekaa nao kwenye kompyuta mpaka chai ikapoa. Wavamizi 55 wanashuka taratibu, dum, dum, dum. Kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyoongeza mwendo, na yule wa mwisho anapita kama umeme. Kumbe mwanzoni haikupangwa: Tomohiro Nishikado, aliyeutengeneza mchezo huu, aliona mashine inachora haraka zaidi wakibaki wachache, akaamua kuiacha hivyo hivyo. Huo ndio ubunifu ninaousema mimi. Waigaji walijaa baadaye, wengi wakibadilisha rangi tu. Galaxian ya 1979 naiheshimu lakini, maana kule adui anachomoka kwenye safu anakufuata. Mwanangu kasema picha mbaya. Nikampa kibodi, mpaka sasa hajairudisha.