Mshahara Umepanda, Je, Utabaki?

Nimepewa kazi mji mwingine, mshahara unazidi wa sasa kwa robo. Kila ninayemwambia ananipongeza. Mimi nimeshika kalamu kwanza.

Kodi ya nyumba si ya mwezi mmoja tu: kuna malipo ya mbele, dhamana na chake dalali, vyote kabla sijaonja mshahara wa kwanza. Watu husema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Huko Marekani, mwaka 1981, wapangaji wa nyumba za umma walipandishiwa kiwango kutoka asilimia 25 hadi hiyo 30. Sawa, lakini kipimo hicho hakijui nauli yangu.

Na nauli ndiyo inayoninyima usingizi. Chumba cha bei nafuu kiko pembezoni: magari mawili kwenda, mawili kurudi, na nikichelewa kazini ni teksi. Nikijumlisha kwa mwezi, unafuu wote unayeyuka. Bili za umeme na maji nitamuuliza mpangaji anayehama, si mwenye nyumba (huyo atasema ni kidogo tu).

Shemeji anasema nitazoea. Labda. Ila kabla ya kusaini, nataka mwajiri aniandikie kinachobaki baada ya makato.