Fremu ya dirisha, Keko

Anayetafuta kitanda au kabati Dar es Salaam mara nyingi huelekezwa Keko. Mafundi wengi wa pale hawakupita chuo. Waliingia karakana wakiwa wadogo, wakaanzia kwenye msasa, wakapewa randa, mpaka fundi mkuu akawaamini na msumeno. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu kama hao: fundi anapimwa kwa kazi yake, anafundishwa yale tu yanayopungua, kisha anapata cheti. Nikiwa mwalimu wa useremala, niliwahi kuitwa kupima pamoja na mwenzangu, na kijana mmoja hajanitoka akilini.

Tulimpa mchoro wa fremu ya dirisha. Aliukodolea macho muda mrefu, jasho likimtoka. Vipimo vilikuwa kwa milimita, naye miaka yote amepima kwa inchi. Hata mbao huagizwa "mbili kwa nne". Mwenzangu akamuuliza pembe mraba ina nyuzi ngapi. Kimya. Akarudia.

"Mwalimu, mimi shule niliachia darasa la tano."

Mwenzangu akashika kalamu. Nikamwomba asubiri, nikauliza mimi: "Fundi, fremu ukishaiunganisha, utajuaje kama haijaenda upande?"

Uso ukamfunguka. Akavuta fremu iliyokuwa karibu. "Kwanza mbao zinazotazamana zilingane. Halafu napima hivi," akanyoosha tepu kutoka kona hadi kona, "na hivi," akapima kona nyingine mbili. "Zikiwa sawa, imekaa. Zikipishana, pale parefu ndipo ninapobana, taratibu, kabla gundi haijakauka. Ukiiacha hivyo, dirisha litagoma kufunga."

Hiyo ni jiometri, na ameielewa kuliko wanafunzi wengi ninaowasahihishia madaftari. Nikamwonyesha upande wa sentimita kwenye tepu yake mwenyewe: 600 ya kwenye mchoro ni 60 hapa. Alielewa papo hapo, akaanza kazi. Alichonga tundu kwa patasi, akajaribu ulimi wa ubao kwa mkono kabla ya kugusa nyundo, akaurudisha kwenye randa mara moja tu. Ukaingia kwa kukaza.

Tulipomhoji kuhusu wateja, alituonyesha kipande cha plaiwudi ukutani. Kilijaa hesabu za penseli: mbao, gundi, misumari, vanishi, nauli ya mkokoteni, na pembeni alama ya nani ametoa malipo ya awali. Hakuanza kazi ya mtu kabla fedha ya mbao haijapatikana, na siku ya kukabidhi aliiandika mbele ya mteja. Kwangu huo ni ushahidi mzito wa utayari wa kazi, hata kama haukuwa kwenye faili.

Msumeno wake wa meza, hata hivyo, haukuwa na kinga, na macho yake hayakuwa na miwani. Hapo sikumlegezea. Nimeshika mikono ya mafundi wengi yenye vidole pungufu.

Mwenzangu nami tulibishana, kisha tukaandika pamoja: uunganishaji, ameweza, makadirio ya gharama, ameweza, usalama na usomaji wa michoro, afundishwe kwanza. Nilimsomea kila mstari. Akauliza kama mafunzo hayo yanaweza kuwa jioni, maana mchana ana oda za watu. Tukampangia jioni.