Picha za Tingatinga zilizogandana: nilivyotatua

Kwenye maonyesho picha hizi za Tingatinga (mtindo wa uchoraji wa Tanzania) hubebwa zikiwa zimeviringishwa, na hapo ndipo zinapogandana. Kosa si joto peke yake: rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, chini ikabaki laini, hasa palipopakwa nene. Bonyeza kwa ukucha. Ukiacha alama, bado. Nilichobadilisha ni kukausha wiki tatu badala ya siku nne, kuweka karatasi ya kuokea kati ya picha na picha (gazeti hapana, wino wake huhamia), na kuviringisha kwenye bomba la inchi 4, rangi ikitazama nje. Ikitazama ndani hujikunja na kufanya mikunyanzi. Zilizokwisha kugandana zipoe kwanza, kisha zibandue taratibu kuanzia pembeni.