Kuinua gari: anza na tairi

Watu wengi wakitaka gari liwe juu zaidi lisigonge chini wanakimbilia springi ndefu kwanza, mi naona uanze na tairi kubwa. Kwa gari lenye ekseli nzima (mhimili mmoja mgumu unaounga magurudumu ya pande zote mbili) springi ndefu inainua bodi tu, difu (lile bonge la gia kwenye ekseli) linabaki palepale, kinacholipandisha ni tairi na hapo unapata nusu tu ya tofauti ya kipenyo, yaani ukitoka tairi la inchi 31 kwenda 33 difu linapanda inchi 1 basi. Kwa hiyo chagua tairi, halafu inua kiasi tu cha kutosha lisikwaruze fenda ukikata kona. Na jamani mipira ya breki muiangalie, isivutike gurudumu likining'inia! Kwa tairi hilo kubwa spidomita nayo itadanganya, ikisoma 100 we uko kama 106, na mlimani injini utaisikia inavyolemewa.