Kumbukumbu ya asumini: jaribio la 1 hadi la 23

Nilipoanza mradi huu nilijua kitu kimoja tu: harufu ninayoitafuta. Si ile ya asumini inayofunguka jioni, ambayo karibu kila mtu anaipenda, bali ya ua lililomaliza usiku wake. Limeshadondoka, kingo zimeanza kuwa za kahawia, na ukiliokota alfajiri unakuta utamu mzito wenye kitu kama pumzi ya mnyama ndani yake. Siku moja niliokota ua la namna hiyo nikalitia mfukoni nikalisahau. Jioni nikaliona limenywea kama karatasi iliyolowa, lakini harufu ilikuwa bado inatoka, tena nzito kuliko asubuhi. Siku hiyo ndipo nilipotamani kuwa mtunga manukato.

Baadaye nilijifunza kwamba asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Ndiyo maana zamani huko Grasse, Ufaransa, maua yake yalilazwa juu ya shahamu iliyopakwa kwenye vioo. Shahamu ilikunywa harufu, maua yaliyochoka yakaondolewa, mapya yakawekwa, mpaka shahamu ikashiba. Siku hizi harufu hukamuliwa kwa viyeyushi, na bado kilo moja ya mafuta yake safi inahitaji zaidi ya kilo 600 za maua. Kwa hiyo naijenga mwenyewe, kipande kwa kipande.

Miezi minne ya kwanza

Sikuchanganya chochote. Jean Carles, aliyeongoza shule ya manukato ya kampuni ya Roure iliyofunguliwa Grasse mwaka 1946, aliwafundisha wanafunzi wake kunusa kwanza vitu vinavyotofautiana kabisa, kisha ndipo vinavyokaribiana. Kutenganisha limau na msandali ni rahisi. Kutenganisha limau na bergamoti, tunda jingine la jamii ya limau, saa moja baada ya kuchovya kijiti cha kunusia ndiyo kazi. Kila asubuhi kabla ya kula nachovya vijiti vitano vya karatasi, naandika majina kwa nyuma, navichanganya, kisha nanusa nikiwa nimefumba macho. Rafu yangu ina malighafi 64. Leo nazitambua 51 bila kugeuza kijiti. Mtunga manukato aliyefuzu hukumbuka mamia kwa mamia, na hukumbuka pia kila moja inavyonukia baada ya siku nzima.

Jaribio la 1 hadi la 9

Nilianza na benzili asetati, kemikali ambayo ndiyo sehemu kubwa ya harufu ya asumini yenyewe. Peke yake inanukia ndizi mbivu na pia ule ubichi wa kitu kilichopakwa rangi jana. Nikaongeza linaloli, kemikali yenye harufu laini ya maua, kisha Hedione, malighafi ya maabara yenye harufu hafifu ya asumini. Hedione ukiinusa kwa mara ya kwanza unadhani chupa ni tupu. Mtunga manukato Edmond Roudnitska aliitumia katika Eau Sauvage, manukato ya Dior, mwaka 1966, na nilipoiweka ndipo nikaelewa kwa nini: haiongezi sauti, inafungua madirisha. Mchanganyiko uliokuwa umejibana ukapata nafasi ya kupumua.

Jaribio la 6 lilikuwa zuri mno. Nililinusa siku tatu mfululizo kwa furaha. Kisha nikataka kulirudia nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nimepima kwa matone. Tone la kitu kizito si sawa na tone la kitu chepesi, na hata mdomo wa kitonesho ukibadilika hesabu yote imeharibika. Nilijaribu kulifufua kwa majuma mawili, bila mafanikio. Inaniuma mpaka leo. Tangu hapo kila kitu kinapita kwenye mizani inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, na kinaandikwa daftarini kabla sijafunga kifuniko.

Jaribio la 10 hadi la 19: indoli

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Michanganyiko yangu yote ilikuwa mizuri na mifu. Ilinukia sabuni nzuri, haikunukia ua. Nilijua kilichokosekana, ila nilikuwa nakiogopa.

Indoli ni fuwele nyeupe. Ukifungua chupa unapata dawa ya kufukuzia nondo, na nyuma yake kinyesi. Imo pia ndani ya asumini halisi, kwa asilimia chache tu. Niliiyeyusha kwenye spiriti mpaka ikawa asilimia 10, nikapanga vichupa sita: hakuna indoli, kisha 0.1, 0.3, 0.6, 1 na 2 katika kila sehemu 100 za mchanganyiko. Kwenye 0.3 hakuna kilichobadilika. Kwenye 0.6 ua likapata ngozi. Kwenye 1 nilirudisha kichwa nyuma, kwa sababu ndilo lilikuwa lile la mfukoni. Kwenye 2 likawa chooni.

Nguvu ya kuthubutu niliipata kwa Germaine Cellier, mtunga manukato wa Kifaransa. Katika manukato yake ya Bandit, mwaka 1944, alitumia kwa wingi kwinolini, kemikali yenye harufu chungu ya ngozi mbichi, kitu ambacho wengine walikitia tone moja moja kwa hofu. Alikuwa na mafunzo ya kemia, na nadhani ndiyo maana hakuogopa jina baya la malighafi. Aliangalia inachofanya.

Kuhusu kazi yenyewe

Nimeulizwa kama nataka hii iwe ajira. Nataka. Njia iliyozoeleka ni shule kama ISIPCA ya Versailles, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Jean-Jacques Guerlain, au shule za ndani za kampuni kubwa, ambazo huchukua wachache sana. Msingi wa kemia unahitajika mara nyingi, na mimi sina. Kwa hiyo nimeanza kuusoma usiku: esta na aldehidi, ambazo ni aina za kemikali zenye harufu, na jinsi uzito wa molekuli unavyoamua nini kitaruka kwanza na nini kitabaki kwenye nguo kesho yake. Nusu ya mambo niliyoyagundua kwa pua yalikuwa yameshaelezwa humo.

Sasa

Jaribio la 23 lina indoli 0.9, msandali kama msingi, na chembe ya eugenoli, kemikali yenye harufu ya karafuu. Limetulia kabatini kwa siku 12 na nitalifungua likitimiza majuma manne. Sijalipaka kwenye ngozi. Kwanza napitia viwango vya usalama vya IFRA, shirika la kimataifa la manukato, kiungo baada ya kiungo. Jana nimepima la 24. Ni lilelile, ila jasmoni, kiungo kingine cha harufu ya asumini, nimeishusha nusu, maana saa ya kwanza bado kuna majani makavu yanayotangulia mbele ya ua.